Mataya ya Njia ya Nanganga

Nanganga ni njia panda. Barabara kuu inayotoka Mingoyo kwenda Masasi inaachana hapo na ile ya Ruangwa, na anayeendelea mbele atapita Nangoo, Ndanda, Mwena na Chikundi kabla ya kuingia Masasi, mahali inapoanzia njia ya kupanda Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Mabasi husimama, abiria hushuka na vifurushi vyao, vijana wa bodaboda huwagombea. Mchana ni mahali pachangamfu. Usiku, lori likiwa limeegeshwa bila taa na pikipiki inakuja mbio, ni mahali ambapo watu huvunjika mataya.

Nilifanya kazi ya utabibu wa meno katika ukanda huu mpaka nilipostaafu. Kazi yetu kubwa ilikuwa kung'oa, maana mtu hakuja jino lilipoanza kuuma, alikuja baada ya karafuu na mizizi kushindwa. Ila katikati ya hao wa kung'oa waliletwa wengine, wamefungwa kanga kuanzia kidevuni hadi utosini, mate yenye damu yakiwachuruzika kwa sababu kumeza hawawezi. Hao ndio walionifikisha kwenye jambo ninalotaka kulisema bila kuzunguka. Kile kibamba kidogo cha chuma ambacho madaktari bingwa hukikaza kwa skrubu juu ya mfupa wa taya kinahesabiwa kuwa tiba ya mwenye uwezo, ilhali anayekihitaji zaidi ni mkulima wa korosho na kijana wa bodaboda.

Nilipoanza kazi, taya lilivunjwa zaidi na mkono wa mtu. Ilikuwa ngumi, rungu, au mpini wa jembe. Tulijua majira yake pia: korosho zikianza kuanguka mwezi wa kumi, mabibo nayo huiva, hukamuliwa, uraka ukachacha, na ugomvi ukafuata. Wengine walianguka kutoka juu ya miembe, hasa watoto. Kisha zikaja pikipiki. Kanuni za mwaka 2010 zilipozipa leseni ya kubeba abiria, tayari vijiwe vilikuwa kila kona, na sura ya wagonjwa wetu ikabadilika. Mwaka 2011 Dk. Phillipo Chalya na wenzake wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 154 walioumia uso na mataya. Zaidi ya nusu waliumia katika ajali za barabarani, na wengi walikuwa wanaume vijana. Mwanza ni mbali na Nanganga, lakini nilipousoma niliwaona watu wangu mle ndani. Kofia ngumu nyingi zinazovaliwa huku ni za wazi mbele. Zinaokoa ubongo, na hilo si dogo, ila kidevu kinabaki nje kuipokea lami.

Taya la chini ndilo mfupa pekee wa uso unaotembea, na umbo lake la mzunguko linalifanya livunjike kama bangili ngumu: ni nadra kupasuka mahali pamoja tu. Mtu hupigwa upande wa kushoto wa kidevu, ufa ukatokea hapo chini ya chonge, na mwingine ukatokea kulia, shingoni mwa mfupa mbele ya sikio, au kwenye pembe ya taya ambako gego la mwisho limelala ndani na kuudhoofisha mfupa. Anayeona ufa mmoja na kuridhika amefanya nusu ya kazi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme wala picha ya eksirei. Unamuuliza mgonjwa: ukiuma, meno yanakutana kama zamani? Mwenyewe anajua. Mtu anaweza kuhisi unywele mmoja kati ya magego yake. Taya likihama hata kidogo atakwambia, na kama hawezi kusema ataonyesha kwa kidole. Baada ya hapo ndipo unatazama kama kuna ngazi kati ya jino na jino, kama damu imevilia chini ya ulimi, kama mdomo wa chini na kidevu vimeingia ganzi, kwa sababu mshipa wa fahamu wa sehemu hizo unapita ndani ya mfupa wenyewe.

Swali hilo dogo lilikuwa haliulizwi. Nimepokea watu waliotoka kwenye vituo ambako uso ulisafishwa vizuri, ngozi ikashonwa kwa mkono mwema, dawa za maumivu zikatolewa, na mtu akaambiwa nenda nyumbani uvimbe utashuka. Uvimbe ulishuka kweli. Mfupa nao ukaunga, kwa kupinda. Mzee mmoja wa Newala alinijia akiwa katika hali hiyo, meno ya juu na ya chini yanapishana, ugali wa muhogo anaumeza bila kuutafuna. Aliniuliza, "Mwanangu, huwezi kulirudisha?" Kulirudisha ni kulivunja upya na kulifunga upya, tena mbali na kwao. Akakataa, na mimi sikuwa na neno la kumlazimisha.

Mwingine ambaye sura yake hainitoki ni binti. Alipokuwa mdogo alianguka kutoka kwenye mwembe, akapasuka chini ya kidevu. Walimshona. Hakuna aliyeweka vidole mbele ya masikio yake na kumwambia afungue mdomo. Mtoto akiangukia kidevu, nguvu ya pigo hupanda hadi kwenye shingo za taya huko juu, na zikivunjika bila kuangaliwa, kiungo kinaweza kugandamana mfupa kwa mfupa. Alipoletwa kwangu alikuwa msichana mkubwa, kidevu chake kimebaki kidogo kwa kuwa taya halikukua, na mdomo unafunguka kiasi cha kupitisha ukingo wa kijiko. Mama yake alikuwa amemlea kwa uji miaka yote hiyo na kudhani ni mapenzi ya Mungu. Dawa ya mtoto wa namna hiyo haikuwa chuma. Taya la mtoto limejaa vijusi vya meno ambayo hayajaota, na skrubu inaweza kuyaharibu. Kwa kawaida uangalizi, chakula laini na mazoezi ya kufungua mdomo mapema hutosha. Alichokosa ni mtu wa kumtazama siku ile.

Sasa waya. Watu walijua kufunga taya zamani sana. Maandishi ya Misri ya kale yanayoitwa mafunjo ya Edwin Smith yanataja taya lililovunjika pamoja na jeraha la wazi, na tabibu wake anashauri mgonjwa asitibiwe, hana matumaini. Hippocrates wa Ugiriki alifundisha kuyafunga meno ya pande mbili za ufa kwa uzi wa dhahabu au wa kitani. Mwaka 1887 Mmarekani Thomas Gilmer akaeleza kuyafunga meno ya chini na ya juu pamoja kwa waya, ili taya la juu liwe gango la taya la chini, na njia hiyo ndiyo tuliyoirithi. Unapitisha waya mwembamba kuzunguka jino moja baada ya jingine, unaukaza kwenye utepe wa chuma wenye vijino, juu na chini, kisha unavifunga vyote viwili pamoja meno yakiwa yamekutana sawasawa. Mdomo unafungwa wiki 4 hadi 6.

Siudharau waya. Umebeba watu wengi katika nchi hii kuliko njia nyingine yoyote, na waya uliofungwa na mkono makini ni bora kuliko chuma kilichowekwa na mkono unaobahatisha. Mifupa iliyovunjika bila kuhama, na mingi ya ile iliyovunjika shingoni karibu na sikio, inapona nao vizuri. Lakini anayesema waya ni tiba rahisi ajaribu kwanza kuishi na mtu aliyefungwa.

Nilimhudumia mkulima wa vijiji vya Chikundi aliyefungwa waya korosho zikiwa ndiyo kwanza zinaanguka. Hakuweza kula kitu kisichopita katikati ya meno: uji wa mtama uliotiwa karanga za kusaga, maziwa yalipopatikana, supu ya samaki iliyochujwa kwa kitambaa, maji ya embe. Tulimpa mkewe koleo ya kukatia waya, tukamwonyesha nyuzi za kukata endapo mumewe angetapika, maana mdomo uliofungwa ukijaa matapishi unaweza kumuua mtu. Yule mama aliifunga koleo kwenye pindo la kanga na hakuiacha mchana wala usiku, akilala nusu macho. Mume aliwasiliana kwa kuandika kwenye daftari la mtoto. Siku moja alikuja kukaziwa waya, akanisogezea ukurasa: "Dokta, nguvu za kuinama sina." Korosho huokotwa kwa kuinama, tena haraka kabla mvua hazijaziharibu. Aliweka vibarua, vibarua wakalipwa, na kilichobaki kikaenda kwenye nauli za kuja kukaza waya na maziwa ya kununua. Katika minada ya mwanzo ya msimu wa 2024/2025 kilo ya korosho ghafi ilipita shilingi 4,000. Kila mtu wa Masasi, Newala na Tandahimba anaweza kupiga hesabu ya mwenye shamba aliyekaa kando wiki 6 za mavuno.

Chuma kinabadilisha hesabu hiyo. Vibamba vya kufungia mifupa si vipya. Carl Hansmann wa Hamburg alieleza vyake mwaka 1886. Ila kwa taya vilichelewa kufaa. Miaka ya 1960 na 1970 mabingwa wa Ujerumani na Uswisi walitumia vibamba vikubwa vilivyoubana mfupa kwa nguvu, na mara nyingi ilibidi kupasua shingo kutoka nje, jambo linaloacha kovu na kuuhatarisha mshipa unaotikisa midomo. Wafaransa ndio waliokuja na vile vidogo. Michelet wa Bordeaux alichapisha kazi yake mwaka 1973, na Maxime Champy wa Strasbourg akaikamilisha kwa kupima nguvu zinavyotembea ndani ya taya mtu anapouma. Aligundua kwamba ukitafuna, ukingo wa juu wa mfupa huvutwa ukataka kuachana, na wa chini hubanwa. Basi huna haja ya chuma kinene kuishinda nguvu yote hiyo. Weka kibamba chembamba kwenye mstari unaovutika, na misuli yenyewe itaubana ufa upande wa chini. Taarifa yake ya mwaka 1978 bado inafuatwa: kibamba kimoja kwenye pembe ya taya, viwili sehemu ya mbele karibu na kidevu, ambako mfupa pia hujinyonga.

Kibamba chenyewe kina unene wa kama milimita 1, na skrubu zake za kawaida ni za milimita 2, angalau mbili kila upande wa ufa. Siku hizi hutengenezwa kwa titaniamu, madini ambayo mwili huyapokea bila ugomvi, kwa hiyo mara nyingi hakitolewi tena. Mgonjwa analazwa kwa nusu kaputi, mpira wa kupumulia ukipitishwa puani ili mdomo ubaki huru. Daktari anapasua ufizi kwa ndani, hivyo usoni hakuna kovu. Na hapa kuna jambo ambalo mabingwa walinisisitizia: kabla ya skrubu ya kwanza, meno hukutanishwa na kufungwa kwanza. Mfupa hufuata meno. Anayeunganisha mfupa uonekane mzuri kwenye picha huku meno hayakutani, amemtengenezea mtu ulemavu wa kudumu, na titaniamu haina huruma ya kusogea baadaye.

Nililiona tofauti yake kwa dereva wa bodaboda wa palepale Nanganga. Taya lake lilivunjika mara mbili, chini ya chonge la kushoto na pembeni kulia. Wenzake wa kijiweni walichanga siku hiyohiyo, akapanda basi la Dar es Salaam na kaka yake, akiwa amekaa ameinama mbele kama tulivyomwelekeza. Alipelekwa Muhimbili, ambako ndiko pia mabingwa wa upasuaji wa kinywa, uso na mataya wanakofundishwa. Aliporudi alinipitia. "Shikamoo, mama," akasema, na nikaisikia kila herufi. Alikuwa anakula wali laini na mchuzi. Tulimkataza muwa, mahindi ya kuchoma na nyama ngumu mpaka wiki 6 zitimie, kwa sababu chuma hushikilia tu, unaounga ni mfupa wenyewe. Upande wa kushoto wa mdomo wake wa chini ulibaki na ganzi miezi kadhaa, ukarudi polepole. Lakini aliweza kuongea na mwenye pikipiki, kupatana naye upya kuhusu mkataba, na kurudi kupeleka hesabu kabla pikipiki haijapewa mtu mwingine. Mkulima wangu wa Chikundi alipona taya vilevile. Aliyepona akiwa bado na kazi ni huyu wa pili.

Ndiyo maana sikubaliani na mazungumzo niliyoyasikia mara nyingi vyumbani kwetu, kwamba huyu ni mtu wa hali ya chini, afungwe waya, chuma ni ghali. Ofisa mwenye mshahara akifungwa mdomo wiki 6, mshahara unaingia, na nyumbani kuna jokofu na mashine ya kusagia chakula. Anayeishi kwa jembe au kwa usukani hana mwezi na nusu wa kutoa. Bei ya kibamba inaonekana kwenye risiti, na bei ya waya inalipwa nyumbani ambako hakuna mhasibu. Ukizijumlisha zote kwa haki, waya kwa mtu huyu ndio ghali.

Na bima zetu zilikuwa zinamwacha njiani. Kadi ya mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, ilimfikisha mwanachama hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, na kazi ya namna hii mara nyingi huanzia panapoishia kadi hiyo. Sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Wanaopanga vitita vyake wanapaswa kuliweka taya mahali pake, pamoja na mguu na mkono, na si kulihesabu kuwa mambo ya meno yanayoweza kusubiri.

Maana taya halisubiri. Siku za kwanza ndizo bora. Likipita wiki mbili, nyuzi za kuunga zimeshaanza kushika na kazi inakuwa ngumu. Nakumbuka miaka ambayo kumpa mtu rufaa ya Dar es Salaam wakati wa masika kulikuwa ni kumpa karatasi tu, kabla Rais Mkapa, mwana wa Lupaso hapa Masasi, hajazindua daraja la Rufiji mwaka 2003. Daraja lilitupa pumzi. Hata hivyo Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Kusini pale Somanga, na kwa siku kadhaa hakuna mgonjwa wa kwetu aliyeweza kupita kwa gari. Watu wa Lindi na Mtwara hawawezi kuendelea kutegemea lami moja kwa mfupa usiosubiri. Ndanda pamekuwa na misheni ya Wabenediktini tangu 1906, na miaka ya 1920 sista daktari Thekla Stinnesbeck alianza kuwatibu watu pale kwa vifaa vichache mno. Mtwara, pale Mitengo, sasa kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Nyumba za tiba tunazo. Kinachotakiwa ni daktari bingwa anayekaa Kusini mwaka mzima, mashine ya kutobolea, koleo za kupindia vibamba, akiba ya skrubu za ukubwa unaolingana navyo, na mtaalamu wa usingizi anayejua kupitisha mpira puani. Chuma bila mikono hiyo ni hatari. Kikilegea huingiza usaha, na mgonjwa anarudi akiwa na hali mbaya kuliko alivyokuja.

Mpaka hayo yatimie, kazi ya kwanza inabaki kwa yule anayemwokota majeruhi barabarani, na pengine ni wewe unayesoma. Usimlaze chali mtu aliyevunjika taya, kwa sababu ulimi hurudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Kama ana fahamu na hana dalili za kuumia shingo, mkalishe ameinama mbele, mate na damu vitoke. Kama hana fahamu, mlaze ubavu huku ukiilinda shingo yake. Usimkaze kanga kidevuni hadi ashindwe kutema. Tafuta meno yaliyong'oka, na yasiyoonekana mwambie daktari, huenda yameingia mapafuni. Ukifika kituoni, hata kama wanashona tu kidonda, waombe wamuulize kama meno yake yanakutana. Yasipokutana, dai rufaa siku hiyohiyo.

Na wewe dereva wa Nanganga, nunua kofia inayofunika kidevu, na ukaze mkanda wake.